Insha ya Kifo cha Bibi

Katika shule ile mabibi walikuwa wakifa kila Alhamisi. Si mzaha. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya insha ya Kiingereza, na kidato cha nne chote kiliinamia madaftari na kuanza kuua. Wenye mabibi wawili waliua mmoja wakamweka wa pili akiba. Wale ambao bibi zao walizikwa zamani waliwafufua kwa sentensi moja, ili wapate kuwaua upya kwenye aya ya pili.

Mwenye kosa, kama lilikuwa kosa, ni mwalimu wao wa Kiingereza, aliyebandikwa jina la Mwalimu Machozi. Falsafa yake ilikuwa fupi. Msahihishaji wa mtihani, alisema, ni binadamu kama wewe. Amefungiwa chumbani na rundo la karatasi, mgongo unamuuma, chai yake imepoa. Ukimchekesha hatacheka, ukijitia kumfundisha atakasirika, lakini ukimliza atakupa alama. Basi aliwaandikia ubaoni insha moja tu, ya kifo cha bibi, yenye mvua, radi, simu ya usiku wa manane na mjukuu anayezimia, akawaamuru waikariri neno kwa neno. Swali likija la safari, ni safari ya kwenda mazikoni. Likija la zawadi, ni zawadi aliyoiacha marehemu. Likija la mpira, basi siku ya fainali ndiyo simu ilipolia. Wanafunzi waliiita Insha Mama, na hakuna swali lililowahi kuishinda.

Darasani humo alikuwamo msichana aliyeitwa Chiriku, na jina hakupewa bure. Alianza kusema akiamka na kunyamaza akilala, na wengine waliapa kwamba hata usingizini alikuwa akijibu. Lakini mpe karatasi ya mtihani uone. Mdomo chiriku, kalamu bubu. Mwaka uliotangulia alikuwa ameufanya mtihani huo huo, akaiandika Insha Mama vizuri kabisa mpaka akafika kwenye radi. Neno lililoifuata radi likamtoka. Na mtu aliyekariri, neno moja likimponyoka yote yaliyobaki hulifuata, kama shanga uzi ukikatika. Alikaa na kalamu mkononi hadi karatasi zikakusanywa, na bibi wa kwenye insha akabaki hivyo hivyo, hajafa wala hajapona.

Sasa alikuwa amerudia mwaka, na hapakuwa na kurudia tena. Chuo cha uuguzi hakikumtaka mtu aliyeanguka Kiingereza, hata awe na huruma za kujaza ndoo. Upande wa pili alikuwapo shangazi yake, mwenye duka la vyuma, ambaye alikwisha kumwekea kigoda nyuma ya mapipa ya misumari. Shangazi hakuwa mbaya. Alisema tu kwamba wasichana wengi wanaokosa uuguzi hawakosi kazi, na misumari haina Kiingereza. Kila Chiriku alipokipita kile kigoda alihisi kama kinamwita kwa jina.

Bibi yake wa kweli, yule asiyekufa Alhamisi, alikuwa dobi wa kupiga pasi. Ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa chote meza, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka lenye alama mbili za kuungua, za enzi za ujana wake, ambazo hakupenda zitajwe. Juu yake palikuwa na bakuli la maji ya kunyunyizia, na pasi nzito ambayo waya wake ulikuwa umefungwa utepe mweusi mahali pengi kuliko pasipofungwa. Alipiga sare za wauguzi, vitambaa vya meza vya hoteli na mashati ya makarani. Sheria zake zilikuwa chache. Shati huanza na kola, kisha mabega, kisha mikono, na anayeanza na kifua hana wazazi. Nguo zake mwenyewe hakuzipiga pasi hata siku moja, alivaa na mikunjo yake, na akiulizwa alijibu kwamba fundi viatu naye hutembea peku. Na Chiriku asiiguse pasi. Mkono wa kalamu hauchomwi, alisema.

Kila alasiri Chiriku alisimama kando ya meza hiyo akikariri kwa sauti, aya moja kwa shati moja. Bibi hakujua Kiingereza, ila alipenda kukisikia, kama mtu anayependa redio ya jirani. Siku moja aliuliza inasema nini hiyo habari ndefu. Chiriku, ulimi ukiwa mwepesi kama kawaida, akamwambia ni safari ya kwenda kutazama wanyama. Bibi akauliza simba yuko wapi. Chiriku akamwonyesha radi. Bibi akaisikiliza tena, akatikisa kichwa, akasema simba huyo ana sauti nzuri.

Uongo njia yake fupi. Chumba cha nyuma alipanga nesi, na nesi yule alirudi zamu mapema siku hiyo, akawa anaosha vyombo vyake chini ya dirisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachungulia na kumpa Bibi pole za msiba wake mwenyewe. Alidhani ni mzaha wa nyumbani, maskini.

Bibi aliisimamisha pasi wima, juu ya kisigino chake. Akataka aelezwe, akaelezwa. Chiriku alikuwa akivitazama vidole vya miguu yake kana kwamba ameviona leo. Mwanamke mwingine angelipandisha sauti, angelia, angeuliza ni shukrani gani hii kwa mtu aliyekufuta kamasi. Bibi aliuliza swali moja.

"Nimekufa na nini?"

Chiriku alisema mwalimu hakutaja. Aliugua tu.

"Hata ugonjwa sikupewa," alisema Bibi. "Mtu anauawa bure bure, hata ugonjwa hapewi."

Akaagiza asomewe upya, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili. Akasikiliza huku anamalizia shati la karani, na lilipokunjwa akatoa hukumu. Kufa kufaana, alisema. Kama kifo chake kitampeleka mjukuu wake chuoni, basi na afe, hana neno. Lakini hatakufa ovyo ovyo kama bibi wa ubaoni. Huyo mwalimu wao alimwona wapi?

Marekebisho yakaanza hapo. Kwanza, usiku wa manane hakuutaka. Mtu mwenye adabu haamshi watu. Afe asubuhi, watu wameshaamka na maji yameshachemka. Mvua aliifuta, maana nguo hazikauki. Radi pia. Chiriku alijaribu kumweleza kwamba radi ndiyo inayoleta alama, na Bibi akamkumbusha kwamba mwaka jana ndiyo iliyomletea kigoda cha misumari. Hapo Chiriku akaichorea radi mstari.

Siku nyingine alikataa simu. Shangazi mtu ana moyo mwepesi japo anauza vyuma, alisema, akisikia habari kwa simu ataanguka na kaunta yake. Chiriku amfuate mwenyewe dukani, amkalishe, amwambie kwa mdomo. Siku iliyofuata alitaka nguo zote za wateja zirudishwe kabla ya mazishi. Hataki kuzikwa huku mashati ya watu yako kabatini mwake. Jina la dobi ni kurudisha. Kisha akafika kwenye mjukuu anayezimia, akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akashika ukingo wa meza. Alipopata pumzi alisema asizimie. Wazimie wageni. Yeye akizimia nani ataangalia vikombe?

Mambo hayo yote ilibidi yaingie kwenye Kiingereza, na ubaoni hayakuwapo. Hilo ndilo lililomtoa Chiriku jasho. Alikuwa na kamusi iliyopoteza jalada na herufi za mwisho, kwa hiyo maneno mengine alikosa kabisa na kulazimika kuyazunguka. Alipomwendea nesi kuomba msaada alipewa maneno mawili matatu, kisha akafukuzwa. Nesi alisema siku akiwa muuguzi, wagonjwa hawatamsubiri ampigie mtu simu kuuliza neno. Basi akabaki na meza, na Bibi, na sentensi zisizotaka kukaa sawa. Akitunga mbaya Bibi alijua, sijui kwa vipi. Alisema sauti imekunjamana.

Kwa hiyo Chiriku akawa na mabibi wawili, wa shule na wa nyumbani. Alhamisi alimuua yule wa Mwalimu Machozi kwa radi, jioni alimuua wa kwao kwa maji yaliyochemka. Alhamisi moja wakamchanganya akili, akaandika habari za kurudisha mashati. Mwalimu akaipiga aya nzima mstari mwekundu, akamwambia mbele ya darasa kwamba hakuna msahihishaji aliyewahi kulilia mashati. Usiongeze neno, usipunguze neno. Insha Mama imewavusha wengi, yeye nani hata aitengeneze? Chiriku alirudi nyumbani ameamua: siku ya mtihani ataandika ya ubaoni, radi na yote, ataishika sana asiiachie. Bibi wa nyumbani angeendelea kumsikiliza tu, kwa heshima. Hakumwambia.

Wakati huo huo ndani ya nyumba mambo yalikuwa yakibadilika, na aliyekuwa na macho angeyaona. Bibi alianza kupiga pasi akiwa amekaa. Mashuka aliyakataa, akawaambia wa hoteli watafute mtu mwingine wa mashuka, yeye abaki na vitambaa. Aliondoka asubuhi na nesi wakisema wanakwenda sokoni, wakarudi bila hata kitunguu. Chiriku aliyaona yote haya na hakuona kitu. Macho yake yalikuwa kwenye kamusi.

Marekebisho ya mwisho yalikuja siku chache kabla ya mtihani. Yalikuwa mawili. Atavikwa lile gauni lake la kijani, na liwe limeshapigwa pasi, wasije wakaanza kuhangaika. Na pasi isiuzwe. Shangazi atataka kuiuza, ndiyo tabia yake, chuma hakimpiti. Pasi ibaki kwa Chiriku, kwa sababu muuguzi mwenye sare iliyokunjamana anawatia wagonjwa wasiwasi. Chiriku aliyaandika kwa Kiingereza chake, akayasoma, na Bibi akasema sasa imenyooka. Hakuiomba tena isomwe.

Asubuhi ya mtihani Chiriku alifungua kabati kutoa sare yake. Kwenye rafu ya chini aliliona lile gauni la kijani, limekunjwa, karatasi katikati ya mikunjo lisikunjamane, mishono imelala sawasawa. Alifikiri upesi upesi kwamba mteja fulani ana gauni linalofanana na la Bibi, akafunga kabati, akaenda zake. Kichwani alikuwa na radi.

Chumba cha mtihani kilikuwa na madawati yaliyotengana kama watu waliokosana. Msimamizi alikuwa na viatu vinavyolia, akipita huku na huku kwi, kwi. Karatasi zikageuzwa. Swali la insha liliwataka waeleze siku ambayo hawataisahau. Lo! Darasa zima lilishusha pumzi kwa pamoja. Kalamu zikaanza kukwaruza, na pande zote za chumba mabibi wakaanza kuugua.

Chiriku naye akaanza. Aliandika mwanzo wa ubaoni, akaenda vizuri, akaziona sentensi zinakuja kwa mpangilio. Akafika usiku wa manane. Akafika kwenye mvua. Akaandika kwamba radi ilipiga, akaweka nukta, na neno lililofuata likamtoka.

Palepale pa mwaka jana. Alirudi nyuma sentensi mbili ili aje kwa kasi, kama mtu anayeruka mtaro, akafika kwenye nukta ile ile, akakuta mtaro ule ule. Viatu vikapita, kwi, kwi. Akakiona kigoda. Na pale alipokuwa akitafuta neno lolote la Kiingereza, lolote lile, lililomjia ni gauni la kijani lililokwisha kupigwa pasi.

Akalitazama neno hilo kichwani. Lililokwisha kupigwa pasi. Nguo za Bibi hazipigwi pasi.

Hakuna mteja mwenye gauni la kijani. Hakukuwa na mteja. Bibi alikaa kwenye meza ile, akaliweka gauni lake mwenyewe mbele yake, kwa mara ya kwanza, akalinyunyizia maji, akaanza na kola. Na zile safari za soko zisizo na vitunguu. Na mashuka. Na kikohozi. Yote yalimjia kwa mpigo, na Chiriku akajua kwamba kwa majuma yote yale Bibi hakuwa akirekebisha insha. Alikuwa akimpa maagizo. Angeweza kumkalisha na kumwambia wazi, lakini unamwambiaje mtoto mwenye mtihani? Akatafuta mahali pa kuyaweka, akayaweka pale ambapo alijua mtoto atayakariri.

Machozi yalimtoka. Yalikuja kama Mwalimu Machozi alivyoagiza, ila yalikosea upande wa karatasi. Msimamizi alisimama kando yake, akadhani ni wale wa kila mwaka, akaendelea na viatu vyake.

Chiriku akakata kila alichokwisha kuandika, mstari mmoja mrefu, usiku wa manane, mvua, radi. Muda uliobaki ulikuwa mdogo na hofu aliijua: hapa hapakuwa na ubao wa kumshika mkono. Lakini hapakuwa na la kukumbuka pia. Alijua nini kinaanza na nini kinafuata. Aliandika kwamba ilikuwa asubuhi na maji yalikuwa yameshachemka. Aliandika jinsi alivyotembea hadi dukani, akamkalisha shangazi yake kwenye kigoda, akamwambia. Aliandika mashati yakirudi kwa wenyewe, moja moja, na watu walivyoyapokea kwa mikono miwili. Alipokosa neno alilizunguka. Hakuzimia. Alihesabu vikombe. Alipoweka nukta ya mwisho kengele ilikuwa inalia.

Nisimweke mtu roho juu kwa ajili ya matokeo. Yalitoka kwa wakati wake, na Chiriku alifaulu, si kwa kishindo, kwa kutosha. Wale walioandika ya ubaoni neno kwa neno walipata alama ndogo za kufanana, kama bibi zao, na Mwalimu Machozi alilia kweli mwaka ule. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku yenyewe Chiriku hakufikiria alama. Alitoka chumba cha mtihani bila kumsemesha mtu, hata wenzake wakaulizana kama anaumwa, akaenda moja kwa moja nyumbani.

Bibi alikuwa amekaa mezani, shati jeupe la karani limetandazwa mbele yake. Nesi alikuwa kando amesimama na glasi ya maji. Alipouona uso wa Chiriku aliiweka glasi, akageukia dirishani. Bibi naye aliuona. Aliisimamisha pasi kwa kisigino, akamtazama mjukuu wake.

"Umeniua?" aliuliza.

"Nimekuua, Bibi."

"Asubuhi?"

"Asubuhi. Maji yalikuwa yameshachemka."

"Na shangazi yako?"

"Nilimfuata mwenyewe. Nilimkalisha kwanza."

"Mashati?"

"Yote yalirudi. Gauni nililikuta tayari. Sikuhangaika."

Bibi aliitikia kwa kichwa polepole, kama anavyofanya akikagua nguo iliyokwisha kupigwa pasi. Hakusema amebakiwa na mwaka, hakusema mwezi. Nesi alijua, lakini nesi alikuwa bado anatazama nje.

"Pasi ilibaki kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi ishike," alisema Bibi.

Akainuka kwa kuegemea meza, akasogea, akampisha mahali pake. Chiriku alikaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto. Pasi ilikuwa nzito kuliko alivyodhania miaka yote ile. Alichovya vidole kwenye bakuli, akanyunyiza maji, akaanza na kola.